Biashara United: Misimu minne Ligi Kuu na safari ya Libya iliyokwama

UKITAKA kuanzisha ubishi pale Nyasho, Musoma, huna haja ya kutaja Simba wala Yanga. Taja Libya tu. Wa bodaboda atazima pikipiki, wa genge ataacha kupanga nyanya na dakika mbili hazipiti utakuwa umezungukwa na watu kumi, kila mmoja ana majibu yake.

Wanachobishania ni mechi ambayo haikuchezwa.

Oktoba 2021, Biashara United Mara, timu ya mji huo, iliifunga Al Ahli Tripoli ya Libya mabao 2-0 kwenye Kombe la Shirikisho Afrika. Zilibaki dakika 90 za ugenini. Dakika hizo hazikuchezwa kwa sababu Biashara haikufika Libya. Miezi michache baadaye timu hiyohiyo ikashuka daraja, na Ligi Kuu ikaondoka kwenye Uwanja wa Karume, Musoma.

Misimu minne tu. Iliingia 2018, ikatoka 2022. Katikati hapo kuna hadithi ambayo shabiki yeyote wa timu ya mkoani anapaswa kuijua, kwa sababu iliyoikuta Biashara inaweza kuikuta timu yake kesho.

KUTOKA POLISI HADI WANAJESHI WA MPAKANI

Kabla ya kuitwa Biashara, timu hii ilifahamika kama Polisi Mara. Ilipobadili jina ikabeba jina la utani lililowakaa vizuri watu wa mkoa unaopakana na Kenya: Wanajeshi wa Mpakani.

Mwaka 2018 ilipanda Ligi Kuu. Huo ulikuwa mwaka wa neema kwa timu za Daraja la Kwanza, kwani ligi ilikuwa inaongezwa kutoka timu 16 hadi 20, hivyo zikapanda sita kwa mpigo. Biashara ilipanda pamoja na JKT Tanzania, African Lyon, KMC, Coastal Union na Alliance ya Mwanza.

Kwa Kanda ya Ziwa ilikuwa sherehe. Msimu wa 2018/19 kanda hiyo ilikuwa na timu sita Ligi Kuu: Kagera Sugar ya Bukoba, Mbao na Alliance za Mwanza, Stand United na Mwadui za Shinyanga, na Biashara ya Musoma. Shabiki wa Bunda au Butiama aliyezoea kuwasikia mastaa redioni, sasa alipanda Hiace asubuhi, akawaona kwa macho Karume, na jioni akarudi kula nyumbani kwake.

Tatizo ni kwamba neema ile ilikuja na bili.

MECHI 38, MDHAMINI MKUU HAKUNA

Ligi ya timu 20 maana yake ni mechi 38, na 19 kati ya hizo ni za ugenini. Sasa chukua ramani, weka kidole Musoma, halafu hesabu.

Kutoka Musoma hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Msimu ule Dar na Pwani kulikuwa na Simba, Yanga, Azam, KMC, African Lyon, JKT Tanzania na Ruvu Shooting. Tanga kulikuwa na Coastal Union. Mbeya kulikuwa na Mbeya City na Prisons. Iringa ilikuwepo Lipuli. Halafu kulikuwa na Ndanda ya Mtwara, ambako basi likitoka Musoma linapita Dar kwanza ndipo lianze safari nyingine ya kwenda kusini.

Timu ya Dar ilikuwa inacheza mechi kadhaa za ugenini na wachezaji wanarudi kulala kwao. Biashara ikitoka Musoma kwenda ukanda wa Pwani, inabeba bajeti ya siku nyingi: mafuta, dereva, hoteli, chakula, posho. Mchezaji anashuka kwenye basi miguu imevimba, kesho yake anatakiwa amkimbize winga wa Azam.

Na ilipanda kipindi kibaya. Mkataba wa Vodacom ulikuwa umeisha, na msimu wa 2018/19 ukachezwa bila mdhamini mkuu. Timu kubwa zilikuwa na watu wa kuzibeba. Timu za majeshi zilikuwa na majeshi yao. Kagera Sugar ilikuwa na kiwanda. Kwa timu iliyotoka Daraja la Kwanza, tena iliyo pembeni kabisa ya nchi, kila safari ilikuwa mtihani.

Uwanjani nako kulianza kwa tabu. Biashara ilianza na kocha Hitimana Thierry kutoka Rwanda, matokeo yakagoma. Ikamchukua Amri Said, beki wa zamani wa Simba aliyekuwa ametoka kuinoa Mbao. Timu ambayo wengi walishaizika ikafufuka na kubaki. Zilizoshuka moja kwa moja msimu ule ni African Lyon na Stand United.

Hapo Kanda ya Ziwa ikawa imempoteza wa kwanza.

BARAZA AINGIA, TIMU YATULIA

Vodacom ilirudi kudhamini ligi mwaka 2019, kwa mkataba uliotangazwa kuwa wa Sh9 bilioni kwa miaka mitatu. Hela hiyo ukiigawa kwa timu 20 haimfanyi mtu tajiri, lakini ilikuwa afadhali kuliko mikono mitupu.

Biashara nayo ilibadilika. Alikuja Francis Baraza, kocha kutoka Kenya, akaijenga timu ngumu kufungika. Haikuwa timu ya kupiga pasi nyingi za kuwapendeza watazamaji. Ilikuwa timu inayojilinda kwa nidhamu, inakuchosha, halafu inakuotea kwenye mpira mmoja. Karume pakawa mahali ambapo mgeni anaondoka na pointi moja na kushukuru.

Msimu wa 2019/20 ulisimamishwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na ukaendelea Juni. Ulipoisha, Biashara ilikuwa salama. Mbao na Alliance hazikuwa salama, zote mbili zikashuka. Mwanza, jiji la pili kwa ukubwa nchini, likabaki kuiangalia Musoma kwa wivu.

Kisha ukaja msimu wa 2020/21, ule ambao watu wa Mara hawataki kuusahau.

Ligi ilikuwa na timu 18. Simba ikawa bingwa, Yanga ya pili, Azam ya tatu. Wa nne akawa Biashara United Mara. Haikuishia hapo, kwani kwenye Kombe la Shirikisho la Azam ilifika nusu fainali, ikatolewa na Yanga kwa bao 1-0 katika mechi iliyochezwa Tabora.

Ukiangalia waliokuwa juu yake utaelewa ukubwa wa jambo lile. Simba, Yanga na Azam ni timu ambazo bajeti zao hazina mfano na za mikoani. Ukiziondoa hizo tatu, bingwa wa waliobaki alikuwa anatokea Musoma. Tena Baraza mwenyewe hakumaliza msimu, aliondoka kwenda Kagera Sugar, na timu ikachukuliwa na Mkenya mwenzake, Patrick Odhiambo.

Kwa kawaida nafasi ya nne ingekuwa ya kupigiwa makofi tu. Lakini mafanikio ya Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika yalikuwa yameipandisha Tanzania hadi kupewa nafasi nne za kimataifa. Simba na Yanga zikaenda Ligi ya Mabingwa. Azam na Biashara zikaenda Kombe la Shirikisho.

Musoma ikaingia Afrika.

DJIBOUTI POA, DAR POA

Raundi ya kwanza Biashara ilipangiwa Dikhil ya Djibouti, ikaitoa. Raundi ya pili ikapewa Al Ahli Tripoli.

Kwa asiyewajua, Al Ahli Tripoli ni moja ya klabu kubwa mbili za mji mkuu wa Libya. Ni aina ya timu ambayo hata Simba na Yanga zikipangiwa nayo, mashabiki wanakaa kimya kidogo kabla ya kuanza kutamba.

Mechi ya kwanza ilichezwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Hapo kuna jambo la kulitazama vizuri. Hiyo ilikuwa mechi ya nyumbani kwa Biashara, lakini nyumbani kwenyewe kulikuwa zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Karume. Shabiki wa Nyasho aliyetaka kuiona timu yake ikicheza nyumbani alipaswa kupanda basi Bweri na kusafiri usiku na mchana.

Wachezaji hawakujali. Dakika 90 zilipoisha ubao ulisomeka Biashara 2, Al Ahli Tripoli 0.

Ili ujue uzito wa matokeo hayo, kumbuka kwamba wakati ule CAF bado ilikuwa inatumia kanuni ya bao la ugenini. Biashara haikuruhusu bao nyumbani. Kule Libya, kama ingepata bao moja tu, wenyeji wangetakiwa kufunga manne. Na kwa timu iliyokuwa imejengwa kuzuia, hiyo ilikuwa hesabu nzuri.

Baada ya hapo ingebaki mechi ya mtoano mmoja kuingia makundi. Timu iliyoishia makundi ya Kombe la Shirikisho msimu ule ililipwa dola 275,000 na CAF, ambazo kwa viwango vya wakati ule zilizidi Sh600 milioni. Kwa klabu ya Musoma, hela hiyo ingelipa mafuta ya basi kwa miaka.

NDEGE HAIKUPAA

Safari ikakwama.

Siku zile magazeti na redio zilijaa habari za nauli, ndege na vibali. Leo timu inaondoka, kesho haiondoki. Siku ya mechi ikafika na wachezaji bado wako Tanzania. Al Ahli Tripoli ikapewa nafasi ya kusonga mbele.

Katika soka kuna kufungwa na kuna kushindwa kufika. Ukifungwa, unalia, unalaumu refa, unamlaumu kipa, maisha yanaendelea. Ukishindwa kufika, huna hata wa kumlaumu uwanjani. Ndiyo maana Nyasho hadi leo watu wanarushiana mpira: huyu anasema uongozi, yule anasema shirikisho, mwingine anasema serikali, mwingine anasema hela.

Cha kuumiza zaidi ni kwamba nchi haikupata hata muda wa kuwaonea huruma. Mwishoni mwa wiki hiyohiyo Azam ilitolewa na Pyramids ya Misri. Oktoba 24, Simba, iliyokuwa imeshinda 2-0 Botswana, ikafungwa 3-1 nyumbani na Jwaneng Galaxy na kutolewa kwa bao la ugenini. Kuanzia hapo vijiwe vyote vikawa vinazungumzia Simba. Biashara ikasahaulika hata kabla machozi hayajakauka.

Kipigo kile cha Simba kina funzo lake pia. Kinaonyesha kwamba ushindi wa 2-0 unaweza kuyeyuka ndani ya dakika 90, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kuwa Biashara ingevuka Libya. Labda ingepigwa tatu. Labda ingetolewa kwa penalti. Lakini Simba angalau iliingia uwanjani ikatolewa na mpira. Biashara ilitolewa na safari.

Halafu tazama Al Ahli Tripoli ilikoishia. Timu ile iliyopigwa 2-0 na vijana wa Musoma ilienda hadi nusu fainali ya michuano ile, ikatolewa na Orlando Pirates ya Afrika Kusini, ambao ndio walioitoa Simba kwa penalti kwenye robo fainali. Kumbe aliyefungwa na Biashara alikuwa mmoja wa wanne bora.

NAMUNGO ILIFIKA

Wapo wanaosema timu ndogo haina la kufanya ikikutana na mambo ya namna hiyo. Miezi minane tu nyuma kulikuwa na mfano wa kuwajibu.

Februari 2021, Namungo ya Ruangwa, Lindi, ilikwenda Angola kucheza na Primeiro de Agosto kwenye Kombe la Shirikisho hilohilo. Ilipofika, ikakumbana na zuio la korona na mechi ikashindwa kuchezwa. CAF ikaamua mechi zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda ya kwanza 6-2, ikafungwa ya pili 3-1, ikavuka kwa jumla ya mabao 7-5 na kuingia makundi.

Ruangwa si mji mkubwa kuliko Musoma. Tofauti ni kwamba Namungo ilikuwa imeshatua Luanda. Ukiwa umefika na ukazuiwa, una kesi ya kusikilizwa. Ukiwa hujaondoka, kesi yako inaishia kwako.

Ndiyo maana safari ya kimataifa haianzi siku droo inapotoka. Inaanza siku unapojua umemaliza wa nne. Biashara ilikuwa na miezi ya kujipanga kabla ya Septemba: pasi za kusafiria, fungu la nauli, njia za kupita, mtu wa kufuatilia vibali. Klabu zenye ofisi na waajiriwa wa kudumu hufanya mambo hayo bila shabiki kujua. Klabu inayoendeshwa kwa kupitisha kofia hufanya dakika za mwisho, na dakika za mwisho hazimsubiri mtu.

WA NNE AKASHUKA

Msimu wa 2021/22 ulikuwa wa hela. Azam Media ilikuwa imesaini mkataba wa miaka 10 wa haki za televisheni wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Benki ya NBC ikaingia kama mdhamini mkuu kwa Sh2.5 bilioni za msimu mmoja. Ligi ikapunguzwa hadi timu 16, mechi zikawa 30, maana yake hata safari zikapungua.

Kwa maneno mengine, kila kitu ambacho Biashara ilikikosa mwaka 2018 kilifika 2021. Ikakipokea ikiwa tayari imechoka.

Wachezaji wakaanza kuondoka. Dirisha dogo, kijana Denis Nkane akachukuliwa na Yanga. Msimu ulipoisha Yanga ilikuwa bingwa bila kupoteza mechi hata moja, na Nkane akavaa medali. Timu aliyoiacha ikamaliza ya 15 na kushuka pamoja na Mbeya Kwanza. Beki Abdulmajid Mangalo naye akaenda Singida Big Stars.

Mwaka mmoja tu kutoka nafasi ya nne hadi mlango wa kutokea.

Juni 2024 ilikaribia kurudi. Ilifika hadi mechi za mchujo za kuwania kupanda, ikakutana na Tabora United. Tabora ikabaki Ligi Kuu, Biashara ikabaki ilipokuwa.

TATIZO SI LA MUSOMA PEKE YAKE

Rudi kwenye zile timu sita za Kanda ya Ziwa za msimu wa 2018/19, uzihesabu upya.

Stand United ilishuka 2019. Mbao na Alliance zikashuka 2020. Mwadui ikashuka 2021, pamoja na Gwambina ya Misungwi iliyokaa msimu mmoja tu. Biashara ikashuka 2022. Geita Gold iliyopanda 2021 ikashuka 2024. Kagera Sugar, aliyeonekana kama mzee wa kanda, naye akashuka 2025. Katika wale sita wa mwanzo, ndani ya miaka saba hakusalimika hata mmoja. Pamba ya Mwanza, iliyorejea 2024 baada ya miaka 23, ndiyo iliyobaki kushika bendera.

Hizi si timu zilizokuwa mbovu. Mbao ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam mwaka 2017 na kuipeleka Simba hadi muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 2-1. Biashara ilimaliza ya nne. Geita Gold ilicheza kimataifa. Vipaji vipo, mashabiki wapo.

Kinachokosekana ni mtu au taasisi ya kulipa bili ya msimu mzima hata timu ikifungwa mechi tano mfululizo. Pamba imerudi ikiwa mikononi mwa Jiji la Mwanza. KMC ipo chini ya Manispaa ya Kinondoni. JKT na Prisons zina majeshi nyuma yao. Unaweza kulalamika kwamba timu za taasisi hazina mashabiki, lakini basi lao linaondoka kwa wakati.

Mara si mkoa maskini wa kukosa pa kuanzia. Una Ziwa Victoria na samaki wake. Una mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Tarime. Una Hifadhi ya Serengeti. Una mpaka wa Sirari wenye biashara usiku na mchana. Una wafanyabiashara wa mjini ambao msimu wa 2020/21 walikuwa wanatamba kwamba timu ni ya kwao. Swali ambalo halijajibiwa tangu 2018 ni moja: timu ni ya nani pale hela inapohitajika, na si pale inaposhinda?

Mkoa ukilijibu swali hilo kabla ya kupanda tena, Ligi Kuu ikirudi itakaa. Ukipanda bila kulijibu, watu watashangilia Agosti, watachangishana Januari na watalia Mei. Wameshayaona.

Kwa sasa kilichobaki ni kumbukumbu za CAF. Kwenye Kombe la Shirikisho la 2021/22 kumeandikwa Biashara United 2, Al Ahli Tripoli 0. Upande wa mechi ya marudiano hakuna idadi ya mabao wala majina ya wafungaji. Hapo ndipo ubishi wa Nyasho unapoanzia kila jioni.